Baba Alianza Kukauka Tangu Mokowe

Mara ya kwanza kumpeleka Baba Mombasa kupigwa picha ya mishipa ya moyo, nilibeba kila kitu isipokuwa maji. Mkobani mlikuwa na faili la kliniki, kitambulisho, kadi ya bima, kanzu mbili, mswala, na mikate ya mofa aliyotuokea shangazi. Maji Baba hakuyataka. Alikuwa amefunga Sita ya Shawali, imebaki siku moja atimize, na nilipomwambia msafiri ana ruhusa alinitazama kama mwanafunzi wa chuoni anayemsahihisha maalimu wake. Isitoshe, hata angekuwa hakufunga, asingekunywa. Wazee wetu wa Lamu wana kanuni yao ya basi: tangu usiku wa kuamkia safari hawagusi maji, kwa sababu dereva hasimami kila mtu anapotaka, na mzee wa miaka 71 hapendi kuomba gari lisimamishwe msituni ili ashuke mbele za watu.

"N'takunwa mai tukifika," akasema. Yakaisha.

Boti ikatuvusha hadi Mokowe alfajiri, tukapanda basi. Hindi, Witu, Minjila. Kila kizuizi cha polisi tulishuka na vitambulisho mkononi, tukapanga foleni juani, tukapanda tena. Tulipopita Malindi midomo ya Baba ilikuwa imeshakuwa myeupe pembeni. Nililiona hilo. Nilidhani ni saumu tu, nikasema atafuturu.

Alifuturu kweli, kwa binamu yetu huko Majengo, Mombasa: vikombe viwili vya chai, mahamri, gilasi moja ya maji. Hospitali walikuwa wameshapiga simu kwamba asile wala asinywe kitu kuanzia saa sita usiku, kazi itakuwa saa mbili asubuhi. Saa mbili ikafika, akaletwa mtu mwenye mshtuko wa moyo, akatangulizwa yeye. Hilo sina neno nalo, ndivyo inavyotakiwa. Lakini Baba aliingia saa tisa alasiri, na dripu ilitundikwa akiwa ameshaanza kusukumwa kwenye kitanda cha magurudumu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Siku ile hesabu sikuipiga, nimekuja kuipiga baadaye mara nyingi, hasa usiku. Kutoka daku yake ya Lamu hadi mlango wa chumba kile zilipita saa 34. Katika saa hizo mwili wa mzee mwenye kisukari ulipata chai vikombe viwili na gilasi moja ya maji.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Walipitisha mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono wa kulia hadi moyoni, wakaikuta mishipa miwili imebana, wakaweka stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, kwenye ule uliobana zaidi, na wa pili wakauacha kwa siku nyingine. Siku ya pili yake tukaruhusiwa. Tulipewa maelezo marefu kuhusu kidonda cha mkono, na kuhusu zile dawa mbili za kuzuia damu isigande ndani ya stenti, ambazo hazikatizwi hata siku moja bila daktari kusema. Kuhusu figo, hakuna aliyetamka neno. Nami sikuuliza. Karatasi ya maabara nilikuwa nayo mimi mwenyewe, kreatinini 141 imewekewa kinyota pembeni, nikaikunja nikaitia kwenye faili.

Siku ya tatu, nyumbani, Mama akaniita uani. "Mwanangu, babako haendi chooni."

Nilikwenda kumtazama. Miguu imevimba, soksi zimeacha alama kama kamba iliyofungwa. Mkojo wake wa asubuhi ulikuwa kidogo, rangi ya chai iliyokolea. Tukampandisha punda taratibu hadi hospitali ya kaunti. Alipokelewa na daktari kijana, naye kabla ya kipimo chochote aliuliza maswali mawili ambayo hatukuwahi kuulizwa: alikunywa nini kabla ya ile kazi, na anameza nini hivi sasa, vyote. Akasema nirudi nyumbani nilete kila kidonge kilichomo.

Nikamwaga mfuko mezani kwake. Metfomini ya kisukari. Ya presha. Zile mbili za stenti. Na utepe mmoja wa diklofenaki uliobaki vidonge vitatu.

"Na hii, mzee?"

"Ah, hiyo si dawa," Baba akajibu. "Hiyo ya magoti."

Alikuwa akizinunua dukani bila karatasi kwa miaka, kama anavyonunua tumbaku. Aliimeza asubuhi ya safari kabla ya adhana, akaimeza jioni yake, na tuliporudi, kwa kuwa basi lilimwumiza, akaongeza. Mombasa walipoulizia dawa anazotumia nilisoma orodha ya kliniki, na ya magoti haikuwamo. Hili silitupii hospitali yoyote, ni langu. Nilikuwa nikiuona ule utepe juu ya kabati kila siku ya Mungu.

Majibu yakarudi: kreatinini 214.

Nitaeleza hizi namba kwa sababu wengi tunapewa karatasi tukaishia kuuliza tu, "Ni mbaya?" Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo nzima huiondoa kila saa. Ikipanda kwenye damu maana yake wasafishaji wamelegea. Kutoka umri na kreatinini hupigwa hesabu ya uwezo wa figo kuchuja. Kwa mwanamume wa miaka 71, ile 141 (maikromoli kwa lita) ya kabla ya safari ilikuwa na maana kwamba uchujaji uko kama mililita 46 kwa dakika, na chini ya 60 ndipo daktari huanza kutazama mara mbili. Yaani Baba alikwenda Mombasa tayari figo zake zikiwa nusu. Na baada ya dawa ya picha, ile inayotiwa mishipani ili ionekane, kupanda kwa zaidi ya 26 ndani ya siku mbili kunatosha kuitwa jeraha la figo. Yeye alipanda 73.

Hiyo dawa ya picha ndiyo niliyoikalia kuisoma wiki nzima ile. Mishipa ya moyo haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo humiminiwa maji mazito yenye iodini, yale madini joto tunayoambiwa yamo kwenye chumvi ya pakiti, nayo huzuia miale na mshipa ukachoreka wote. Mwili hauichomi wala hauivunji. Huipitisha tu, na njia yake kubwa ya kutokea ni figo. Ikifika kule ndani kabisa ya figo, ambako hewa safi ni haba hata mtu akiwa mzima, hubana vishipa vidogo na kuzichokoza seli za mirija ya mkojo. Mtu mwenye maji ya kutosha huisukuma ikapita. Aliyekauka huibakisha humo, inazidi kuwa nzito kadiri maji yanavyovutwa kurudi mwilini. Na diklofenaki kazi yake moja isiyotajwa dukani ni kuziba ule upenyo ambao figo hutumia kujipatia damu wakati wa shida.

Nilimsomea Baba haya nikitafuta maneno. Alikuwa nahodha miaka thelathini na kitu, mwisho akanikata kauli. "Ni Mkanda huo," akasema. Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, wanakopita wa kwenda Pate na Faza. "Mai yakijaa hupita na shehena yako kamili. Yakipwa, na chombo kizito, hukaa hapo kwenye tope mpaka bamvua. Nyinyi mulinipitisha Mkanda mai yamekupwa."

Sijaona maelezo mazuri kuliko hayo popote.

Alilazwa siku nne. Diklofenaki ikatupwa, metfomini ikasimamishwa, dripu ya polepole, na kila mkojo ukipimwa kwenye jagi. Kwa kawaida aina hii ya jeraha hupanda kwa siku tatu hadi tano kisha hushuka ndani ya wiki moja au mbili, na kwa Baba ilishuka. Baada ya wiki tatu ilikuwa 149. Haikurudi kwenye 141, na haijarudi hadi leo.

Tatizo ni kwamba mshipa wa pili ulikuwa bado. Mtaani maneno yalikuwa yameshaenea kwamba dawa ya picha inaua figo, na wenye kubarizi kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyekwenda na miguu akarudi na mashine ya kusafisha damu. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na barua ya kwenda kupigwa picha hiyo hiyo, akaichana. Alituambia hivyo hivyo, "Kwa ya babenu, nimeichana." Ilinichoma. Maana si kweli kwamba anayepigwa picha anaharibika figo. Wengi hawaguswi kabisa, na wengi wa wanaoguswa hupona bila hata kujua. Hata wataalamu wenyewe wanabishana ni kiasi gani cha madhara ni cha dawa, na kiasi gani ni cha moyo uliochoka, damu iliyopungua au mafuta yaliyong'oka kwenye mshipa mrija ukipita. Na mtu aliyepata mshtuko wa moyo hana nafasi ya kungoja siku mbili za kunywa maji. Afunguliwe mshipa kwanza, figo zitaangaliwa humo humo. Niliyosimulia hapa ni ya anayekwenda kwa tarehe, mwenye siku mkononi. Sisi tulikuwa nazo siku, tukazipoteza ndani ya basi.

Miezi miwili baadaye tukapanga safari ya pili. Niliwahi kwa simu, nikamwambia daktari wa moyo namba zote tatu: 141, 214, 149. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hizo ndizo nilizokuwa nazitaka." Akampangia aje siku mbili kabla. Ndege ya kutoka Manda tuliipigia hesabu tukaiacha, tukapanda basi lile lile, ila Baba hakufunga, na niliweka chupa ya lita moja na nusu niliyoichora kwa kalamu ya wino mzito, mstari kila baada ya mililita 250. Kando ya kila mstari nikaandika mahali: Witu, Minjila, Malindi, Kilifi. Chupa ikifika mstari wa Witu, na sisi tuwe Witu. Nilizungumza na utingo kabla ya kuondoka Mokowe, nikamwambia mzee wangu atahitaji kushuka mara mbili, nikampa na kitu kidogo. Utingo akasimamisha gari mara tatu bila kuulizwa. Aibu yote ile tuliyoihofia miaka yote ilikuwa ya shilingi mia mbili.

Kuhusu dawa, maagizo yalikuwa mafupi. Dawa yoyote ya maumivu ya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, marufuku. Magoti yakiuma ameze parasetamoli. Metfomini isimame siku ya kazi na saa 48 baada yake, irudi kipimo cha figo kikiwa kizuri. Hapa nilikuwa nimekosea kuelewa: metfomini yenyewe haiumizi figo, ila figo zikilala ghafla hurundikana mwilini na kuifanya damu iwe na asidi. Za stenti, asikose hata moja. Ya presha daktari aliamua mwenyewe baada ya kumpima, na sitaandika alichoamua kwa sababu jirani yako anaweza kuambiwa kinyume chake na wote wawili wakawa sawa.

Ami yangu aliyeko Muscat, aliposikia, alituma kwa mtu pakiti za unga wa asetilisisteini wa kuyeyusha, ameambiwa ndio kinga ya figo. Ilikuwa hivyo zamani, hospitali nyingi zikiutoa. Daktari alizitazama akatabasamu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2018, wa wagonjwa karibu 5,000 wenye figo dhaifu waliopigwa picha za mishipa, ulizilinganisha na dawa bandia: hakuna tofauti. Utafiti huo huo ulilinganisha dripu ya soda, ile ya baikaboneti, na dripu ya kawaida ya chumvi, tofauti pia hakuna. "Maji ya chumvi," akasema, "ya bei rahisi kuliko yote tuliyonayo." Ami hatukumwambia. Alipopiga simu tulimwambia zimefika, ahsante, na ni kweli zilifika.

Muuguzi aliyempokea alikuwa na fomu. Ana mzio? Nikasema akila kamba au kaa huwashwa mwili mzima. Hapo nilikuwa na wasiwasi wangu wa siri, maana nilishasikia kwamba asiyepatana na vitu vya bahari asitiwe iodini, na kwetu Lamu hilo lingewazuia watu wangapi! Muuguzi akaandika, kisha akanieleza kwamba mzio wa kamba ni wa protini yake, hauna uhusiano na iodini. Wanachotaka kujua hasa ni kama aliwahi kuvimba au kuwashwa kwa dawa ya picha yenyewe. Mara ya kwanza hakuwashwa.

Dripu ilianza kwa wakati. Kipimo ni mililita moja kwa kila kilo kwa saa, Baba ana kilo 62, kwa hiyo 62 kwa saa, saa 6 kabla na saa 12 baada. Jumla lita moja na kitu. Nilishangaa ni kidogo hivyo. Mimi ningemmiminia mtungi mzima. Lakini moyo wa Baba unasukuma kwa udhaifu kiasi, na maji mengi kwa moyo wa namna hiyo hupanda mapafuni, ndiyo maana kila baada ya saa chache muuguzi alikuja na kipimo chake masikioni kumsikiliza mgongo. Kufunga kukapunguzwa: chakula hapana, maji matupu aliruhusiwa hadi saa mbili kabla ya kuingia. Kunradhi wanaosoma, msichukue hili kama ruhusa yenu. Muulize mwenye kukupeleka ndani.

Na mle ndani, nilisimuliwa baadaye, palikuwa na ubao. Uchujaji wa Baba sasa ni 43. Daktari huweka kikomo cha dawa ya picha kisizidi mara mbili au tatu ya namba hiyo, yeye akachagua mara mbili, akaandika 86 ukutani kwa kalamu nyekundu. Mara ya kwanza, nilipokuja kuisoma ripoti, tulitiwa mililita 180. Wamewezaje kupunguza? Safari hii hawakujaza dawa ndani ya chumba cha moyo kuutazama unavyosukuma, kwa kuwa picha ya mawimbi ya sauti ilishawaonyesha bila tone la dawa. Hawakurudia mshipa waliokwisha kuuona. Na walitumia dawa ambayo ukali wake ni sawasawa na damu. Zile za kizamani zilikuwa kali mara tano na zaidi, na hata nyingi za sasa bado ni kama mara mbili ya damu. Fundi aliyekuwa akihesabu alikuwa akitamka kila sindano kwa sauti. Baba, aliyekuwa macho muda wote, anasema ilikuwa kama baharia wa omo akipima kina kwa bildi. Waliishia 71.

Nyumbani Majengo usiku ule alidai daftari. Akapiga mistari miwili kama alivyokuwa akiandika safari zake, kushoto yaliyoingia, kulia yaliyotoka, na saa. Kwa siku tatu aliandika kila gilasi na kila jagi kwa mwandiko ule ule wa nahodha uliolala kulia. Mama alikataa kabisa daftari hilo kuwekwa karibu na meza ya chakula.

Damu ilipimwa baada ya saa 48, Mombasa: 155. Siku ya tano, Lamu, kwa yule daktari kijana: 150. Akaipeleka karatasi dirishani, akaitazama tena, akamrudishia Baba mwenyewe badala ya mimi. Baba akaikunja mara nne akaitia mfuko wa kanzu, akauliza kama kahawa sasa inaruhusiwa.

Wiki iliyopita jirani yetu alibisha hodi baada ya Magharibi. Ameomba barua nyingine, tarehe ni Jumanne ijayo, na ametumwa na mwanawe aje aazime ile chupa. Nikamwambia chupa si dawa, ni plastiki tu, atachora yoyote. Akasema anaitaka hiyo hiyo. Nikaenda kuitoa jikoni, mistari imefutika kwa kuoshwa, jina la Minjila halisomeki. Baba akainyooshea mkono, akaomba kalamu, akaiweka gotini na kuanza kuipiga upya, akimwuliza jirani ana kilo ngapi.